PIPA LA MAJI YA MOTO KAMBINI: TUCHAGUE NJIA ILIYO SALAMA

Maoni ya Katibu

Ndugu Wanachama,

Naomba mniwie radhi leo nisipoandika juu ya bei ya karafuu, wala juu ya magunia, wala juu ya karafuu zinazoanikwa barabarani. Hayo tumeyasema sana na tutayasema tena. Leo nataka kusema juu ya maji. Tena si maji yote, bali maji ya moto yanayochemshwa katika pipa kubwa kwa ajili ya wachumaji na wachambuaji wetu wakati wa msimu. Jambo hili laonekana dogo, jambo la jikoni. Lakini katika mkutano mkuu ujao litaletwa mbele yenu mlikatie shauri, na kila mwanachama atatakiwa anyoshe mkono. Si vyema mtu kunyosha mkono kwa jambo asilolijua. Ndiyo sababu naandika.

Wengi wenu mwajua yaliyotokea msimu uliopita katika kambi yetu moja. Walakini khabari ile imepita midomo mingi, na kila mdomo umeitia chumvi yake. Basi nitaieleza kama ilivyokuwa. Pipa lilitengenezwa na fundi bati wa hapa hapa, kwa bati nene la chuma, lenye kuchukua lita 200. Kazi ya fundi ilikuwa njema, na hata leo pipa halijavuja tone. Liliwekwa juu ya mafya matatu ya mawe ya matumbawe, moto ukawashwa chini yake kila alfajiri na kila jioni kwa muda wa wiki tatu. Siku hiyo, kabla ya adhana ya alfajiri, maji yakiwa yanatokota, jifya moja likapasuka na kumomonyoka. Pipa likalala upande, na maji yakamwagikia miguu ya kijana msaidizi wa mpishi, mwenye umri wa miaka 17. Alihamdulillahi, yu hai na anatembea. Lakini msimu ulimpita akiwa kitandani, na ile cherehani aliyokusudia kumnunulia mama yake hakuinunua.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamlijui. Mpishi wa kambi aliomba apewe fedha kidogo ajenge jiko la matofali. Barua yake ilifika mezani kwangu. Ni mimi niliyemjibu kwamba mawe yapo, tena ya bure, na Chama hakina fedha za kujengea majiko. Kwa hivyo ninapoandika leo siandiki kama mtu anayewafundisha wenzake; naandika kama mtu aliyekosea, na ambaye hapendi kosa lile lirudiwe.

Kosa lenyewe lilikuwa kosa la kitoto. Sisi watu wa visiwani twajua chokaa hutoka wapi. Wazee wetu walipanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, wakayachoma, kisha wakayamwagia maji, na mawe yakawa unga. Nyumba zetu nyingi za zamani zimejengwa kwa chokaa hiyo. Basi sisi tulitengeneza tanuri ya chokaa chini ya pipa la maji ya moto: moto kila siku, na maji yakimwagikia mawe kila pipa lilipofurika. Tungestaajabu kama yale mawe yasingevunjika.

KWA NINI TUCHEMSHE

Baada ya msiba ule wapo waliosema, "Basi tuache kuchemsha maji. Moto ndio uliotuletea balaa." Mzee wetu mmoja, ambaye namheshimu kama baba yangu, aliniambia, "Sisi ujana wetu tulikunywa maji ya kisima kambini, na wala hatukufa." Nilimjibu kwa adabu kwamba waliokufa hawapo hapa kutueleza khabari zao. Alicheka, kisha akanyamaza, maana yeye mwenyewe awakumbuka.

Kipindupindu si mgeni katika visiwa hivi. Daktari mmoja wa Kizungu aliyekuwa akikaa Unguja, jina lake James Christie, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki, kikapigwa chapa mwaka 1876. Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho: mwaka 2015 na 2016 maradhi hayo yaliingia tena Unguja na Pemba, na watu wengi wakaumwa. Kambi ya karafuu ni mahali panapopendwa mno na maradhi ya tumbo. Watu ni wengi, wametoka vijiji mbalimbali, vyoo ni vya haraka, na kisima kiko bondeni ambako maji yote ya mvua huteremkia. Mchumaji akiharisha hapandi mkarafuu, na akipanda ana khatari ya kuanguka. Kwa hivyo kuchemsha ni lazima. Lililobaki ni namna ya kuchemsha.

Wengine husema tutumie dawa ya klorini. Ni neno zuri. Dawa hiyo ikitiwa kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa yake, na maji yakiachwa nusu saa, hufaa sana kwa maji ya kunywa. Napendekeza kila kambi iwe nayo, khasa siku kuni zinapolowa. Lakini dawa hiyo hushindwa na maji ya tope, na maji yetu ya bondeni wakati wa mvua huwa ya tope. Tena kambi yahitaji chai na uji asubuhi, na hivyo havipikwi kwa klorini. Moto tutakuwa nao tu, tukitaka tusitake.

NJIA ZILIZOLETWA KWENYE KAMATI

Kamati imepokea njia nne. Nitazitaja moja moja, na nitasema wazi nionavyo mimi. Nanyi mna khiari ya kunikataa.

Njia ya kwanza ni kurudi kwenye mafya, lakini tutafute mawe magumu zaidi. Njia hii ni rahisi, na wengi wanaipenda kwa kuwa wameizoea. Hebu tuipime. Pipa likitiwa maji lita 150, uzito wa maji peke yake ni kilo 150, sawa na magunia matatu ya karafuu kavu ya kilo 50 kila moja. Nani kati yetu angeweza kuweka magunia matatu juu ya vijiwe vitatu, kisha akamwambia mwanawe aende akakae chini yake achochee kuni? Mafya ni kwa ajili ya sufuria. Chombo kirefu chenye maji mazito juu ya miguu mitatu hupinduka kwa kuguswa na bega tu, hata mawe yakiwa ya chuma. Isitoshe, moto wa mafya hupeperushwa na upepo pande zote. Kwa hesabu yangu, kuchemsha lita 150 juu ya mafya kwataka yapata kilo 20 za kuni kavu, kwa kuwa sehemu kubwa ya joto hupotea hewani. Kwa hiyo njia hii si salama, wala si ya bure kama nilivyodhani mimi.

Njia ya pili ni umeme. Vijana wetu ndio waliyoileta, na sababu zao nazifahamu. Tangu Pemba ilipounganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, umeme umefika vijiji vingi. Wasema, "Tununue hita mbili tatu za kuchovya, tuzitie ndani ya pipa, tuondokane na moshi." Kama tungekuwa na chombo kilichotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo, kikafungwa na fundi mwenye ruhusa, ningelikuwa wa kwanza kuunga mkono. Lakini sivyo tunavyotaka kufanya. Tunataka kuvuta waya kutoka nyumba iliyo karibu, kuupitisha juu ya matawi, kisha kutumbukiza hita katika pipa la chuma lililosimama juu ya udongo uliolowa, na watu miguu mitupu wakilizunguka na vikombe mikononi.

Kwanza, hesabu yake ni hii. Kuyatoa maji lita 150 katika baridi ya kisima na kuyafikisha kwenye mtokoto kwataka yapata yuniti 13 za umeme. Hita ya kilowati 3 itachukua zaidi ya saa nne, na katika pipa lisilovikwa kitu zaidi ya hapo. Kwa umeme wetu wa volti 230, hita hiyo huvuta ampea 13, na hicho ndicho kiasi cha mwisho cha plagi ya kawaida. Plagi ikibeba mzigo wake wa mwisho saa nne au tano kila siku, huiva. Nayo ikishaiva, huyeyuka, na baada ya hapo ni moto. Pili, umeme mdogo sana, hata sehemu moja ya kumi ya ampea moja, watosha kumwua mtu ukipita kifuani. Hita ikipasuka ndani ya pipa la chuma, pipa zima huwa waya. Mtu achotaye maji haoni kitu, hasikii kitu, mpaka atie kata ndani ya maji. Wengine wamesema tutumie pipa la plastiki ili umeme usipite. Hilo ni baya zaidi, maana maji yenyewe hupitisha umeme. Tena yakipungua hita ikabaki wazi, plastiki huyeyuka na kuwaka. Ndugu zangu, moto wa kuni unaonekana na unaogopwa. Moto wa waya hauonekani. Mimi nasema umeme tusiutumie kambini mpaka tuwe na chombo chake, waya wake wa kwenda ardhini, na swichi yake ya kukata umeme mara unapovuja.

Njia ya tatu ndiyo iliyonitia khofu kuliko zote. Mwanachama mmoja mwenye akili nyingi amependekeza tulifunge pipa kwa mfuniko wa kukazwa na bolti, ili joto lisipotee, na kisha tutoboe bomba dogo la kupelekea maji ya moto mpaka jikoni. Asema viwanda vya mafuta ya makonyo vyatumia mvuke, kwa nini sisi tusiweze? Namjibu kwa upole hivi. Mtungi wa mvuke wa kiwandani umefanywa kwa chuma nene, umepimwa, una saa ya kuonyesha nguvu ya mvuke, na una kizibo maalumu kinachofunguka chenyewe nguvu ikizidi. Pipa letu ni bati lililokunjwa.

Lita moja ya maji ikigeuka kuwa mvuke hutaka nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Ikinyimwa nafasi hiyo, huitafuta kwa nguvu. Maji yaliyofungwa hayasimami kwenye daraja ya 100 ya joto; hupanda. Yakifika daraja ya 112 tu, mvuke husukuma mfuniko wa upana wa sentimita 57 kwa nguvu ya zaidi ya tani moja. Tani moja, na moto bado unawaka chini! Bomba dogo likizibwa na taka au na mkunjo, hakuna atakayejua mpaka mfuniko uruke. Na mfuniko ukiruka, maji yale yaliyopita kiasi hugeuka mvuke mara moja na kumwagika kila upande. Hapo hatutakuwa na kijana mmoja kitandani, bali kambi nzima. Kwa hivyo mniruhusu niliseme hili kwa nguvu: chombo chochote cha kuchemshia maji kilichotengenezwa nyumbani kisifungwe kamwe. Mfuniko uwekwe juu tu, mwepesi, usiokazwa, usiotiwa jiwe. Ukicheza kwa mvuke, acha ucheze.

Njia ya nne ni gesi ya mtungi na jiko lake kubwa la chuma. Njia hii si mbaya. Haina moshi, na moto wake hupunguzwa kwa mkono. Lakini majiko mengi yauzwayo dukani yamefanywa kwa sufuria, si kwa kilo 150, na miguu yake itapinda. Tena mtungi wa gesi sharti uwe mbali na moto, mahali penye hewa, na mpira wake usipite pale watu wanapopita. Kambi iliyo kando ya barabara yaweza kuitumia kwa sufuria kubwa. Kambi iliyo ndani bondeni, ambako mtungi utachukuliwa begani, gharama yake itaizidi.

NJIA NINAYOIPENDEKEZA

Sasa mtaniuliza, "Katibu, umezikataa zote, wewe unasema nini?" Nasema tuchukue ile ile ya kuni, lakini tuifanye kwa heshima yake.

Kwanza, kambi ya watu wasiozidi 15 haihitaji pipa. Mtu anayepanda mikarafuu kutwa atakunywa yapata lita 3. Watu 15 watataka lita 45, nazo huchemka katika sufuria mbili kubwa juu ya majiko mawili. Pipa liwe kwa kambi za watu 40 na zaidi tu. Kila chombo kikiwa kidogo, na madhara yake huwa madogo.

Pili, pale panapohitajika pipa, pajengwe jiko la matofali ya kuchoma au ya udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, ukakaushwa vizuri kabla ya kuwashwa moto. Matumbawe yasitumiwe hata moja. Ukuta wa jiko uwe wa duara na mnene, na pipa likae juu ya ukuta wenyewe, liingie ndani kidogo mpaka litulie kama yai katika kikombe chake. Uzito ubebwe na ukuta, usibebwe na vyuma, maana chuma chembamba kikiiva huinama. Mbele paachwe mlango mmoja wa kuni, na nyuma dohani fupi ya kutolea moshi. Jiko la namna hii hushika joto, na kwa kadiri nionavyo litatumia nusu ya kuni zile za mafya. Kuni zilizopona msimu mmoja zitalipa matofali. Haya ndiyo mpishi wetu aliyoniambia katika ile barua, na mimi sikumsikiliza.

Tatu, jiko lijengwe mahali pa wazi, au chini ya paa la bati lisilo na kuta. Si chini ya makuti, wala si ndani ya banda wanamolala watu. Moshi na hewa ya makaa katika banda lililofungwa huua watu usingizini bila ya kelele.

Nne, maji ya moto yasichotwe kwa kuinama juu ya pipa. Fundi atie mfereji wa shaba upande wa pipa, juu kidogo ya ukuta wa jiko, na upande usio na mlango wa kuni, ili mtu akinga maji asisimame mbele ya moto. Pipa lijazwe robo tatu tu, maana maji yakitokota huruka. Moto usiwashwe mpaka maji yamepita mfereji, wala pipa lisiachwe likauke juu ya moto.

Tano, maji yakishatokota sawasawa, dakika moja yatosha kuua vijidudu vya maradhi. Wapo wanaochochea nusu saa nzima wakidhani maji yanazidi kuwa safi. Hayazidi, zinapungua kuni. Yakitokota, kuni zitolewe, na maji ya kunywa yaachwe humo humo yapoe, kisha yakingwe katika vyombo safi vyenye vifuniko. Yachemshwe baada ya chakula cha jioni, yaachwe usiku kucha yapungue joto. Hakuna sababu yoyote ya mtu kubeba ndoo ya maji yanayotokota gizani.

Sita, pawekwe kamba au uzio wa miti hatua mbili kutoka jikoni, na watoto wasipite. Twajua wachambuaji wengi ni kina mama, na huja na wanao. Hatuwezi kuwakataza, lakini twaweza kuwawekea jamvi mbali na moto.

PIPA LENYEWE

Neno juu ya chombo. Nimeona katika baadhi ya mashamba mapipa yaliyowahi kutiwa mafuta ya gari au dawa ya wadudu, yakaoshwa kwa sabuni na kufanywa mapipa ya maji. Sumu ya dawa haiondoki kwa sabuni. Pipa ambalo historia yake haijulikani lisitumiwe kwa maji ya kunywa, hata likipatikana bure. Na lililokuwa na mafuta au petroli lisikatwe kwa moto na fundi yeyote, maana hewa iliyobaki ndani yaweza kulipuka.

Fundi akitengeneza pipa jipya, mishono ichomelewe kwa chuma, isizibwe kwa lehemu ya kawaida. Lehemu nyingi ina risasi ndani yake, na risasi ni sumu, khasa kwa watoto. Tena lehemu huyeyuka kwa joto la daraja 183 hivi. Penye maji haitafika huko, lakini juu ya maji, ambako ulimi wa moto hulamba bati kavu, yaweza kuachia. Mwanachama atakayeleta pipa aeleze lilifanywaje na nani, na Kamati iliangalie kabla halijawekwa jikoni.

MTU AKIUNGUA

Tukijenga sawasawa, Inshaallah hili halitahitajika, lakini tulijue. Mtu akimwagikiwa na maji ya moto, atolewe nguo zilizolowa kama hazijagandana na ngozi, pamoja na pete au bangili. Kisha mahali palipoungua pamwagiwe maji ya baridi yaliyo safi, mfululizo, kwa dakika 20. Dakika 20 ni nyingi, tazameni saa. Halafu pafunikwe kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali. Asipakwe samli, wala dawa ya meno, wala yai, wala asali. Na kwa kuwa sisi ni watu wa karafuu, naongeza: asipakwe mafuta ya karafuu. Mafuta hayo ni makali, huichoma hata ngozi nzima, sembuse iliyobabuka. Yule kijana wetu alipakwa samli na watu waliompenda, na ilibidi isuguliwe tena hospitalini. Maumivu aliyoyapata siku hiyo sitaki kuyasimulia.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Najua wapo watakaosema kwamba mambo haya ni mengi, na kwamba msimu ni mfupi. Kujenga jiko la duara ni kazi ya siku mbili na kukauka wiki mbili. Tukianza kabla ya vikonyo kuwiva, tutalikuta tayari. Wapo watakaosema fedha hakuna. Fedha ni kidogo kweli, na mimi ndiye nishikaye daftari lake. Lakini katika daftari hilo hilo imo nauli ya gari la kumpeleka kijana hospitali, imo posho ya mama yake kukaa naye, na yamo mambo mengine ambayo sikuyaandika kwa kuwa hayana bei. Nimeyajumlisha usiku mmoja, nikayalinganisha na fedha za matofali tulizoombwa. Matofali yalikuwa rahisi zaidi, tena kwa mbali.

Na wapo watakaosema ajali ni kudra ya Mungu. Ni kweli, na sisi sote twaamini. Lakini chuoni tulisimuliwa khabari ya yule Bedui na ngamia wake, naye akaambiwa amfunge kwanza ndipo amtegemee Mungu. Sisi ngamia wetu hatukumfunga. Tulimweka juu ya mawe ya chokaa.

Basi, ndugu zangu, pendekezo nitakalolisoma mkutanoni ni fupi: kila kambi yenye watu 40 na zaidi ijengewe jiko la matofali kwa fedha za Chama, hakuna pipa litakalofungwa mfuniko wa kukazwa, hakuna hita ya umeme itakayotiwa katika pipa la kutengenezwa kienyeji, na kila kambi iwe na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa msimamizi wa moto, anayelipwa siku yake kama mchumaji. Sipendi jukumu hili aachiwe mtoto.

La mwisho. Nimekwenda kumwona yule kijana wiki iliyopita, nikamwuliza kama atarudi kambini msimu huu. Alisema atarudi, kwa kuwa cherehani bado haijanunuliwa. Kisha akaniuliza, "Bwana Katibu, pipa litawekwa juu ya nini?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu jibu liko mikononi mwenu. Njooni mkutanoni mlitoe.

Wasalaam,

Katibu wenu.